KAHAWA YA PUNJE MOJA: INATOKA WAPI, NA KWA NINI BEI YAKE HAITUFIKII

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Murukulazo, Wilaya ya Ngara



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo dogo kwa umbo, lakini lenye uzito katika mfuko wa mkulima. Nalo ni ile kahawa ya punje moja, ya duara kama njegere, ambayo wafanyabiashara huiita PB. Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kupasha habari. Nimekusanya maelezo ya wataalamu wa kilimo na ushirika, nami nayaleta kwa lugha ambayo kila mmoja wetu anaweza kuipima kwa kahawa aliyonayo nyumbani.

Nimechagua jambo hili kwa sababu yapo maswali matatu yanayojirudia kila kahawa inapotajwa. La kwanza: miche ya PB inapatikana wapi? La pili: je, ni kweli kwamba kahawa hiyo hutoka Kilimanjaro peke yake? La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: ikiwa kahawa hiyo inasifiwa na kuuzwa vizuri ng'ambo, mbona sisi hatujawahi kuona bei yake? Nitayajibu kwa mpangilio huo.

Hakuna mbuni wa PB

Ua la mbuni lina vyumba viwili vya uzazi, na katika kila chumba kuna kijiyai kimoja. Chavua ikifika na vijiyai vyote viwili vikarutubishwa, tunda hupata punje mbili zinazokua zikiwa zimeegemeana. Kwa kuwa zimebanana, pale zinapokutana huwa bapa. Ndiyo maana punje ya kawaida ina tumbo bapa lenye mfereji katikati na mgongo wa mviringo. Lakini kijiyai kimoja kisiporutubishwa, au kikarutubishwa kisha kikafa kingali kichanga, punje iliyobaki hupata nafasi yote ndani ya tunda. Haina mwenzake wa kuibana, hivyo hukua ikiwa ya duara. Hiyo ndiyo PB, wala hakuna siri nyingine.

Sote tumewahi kumenya karanga tukakuta ganda lenye punje moja badala ya mbili. Hakuna aliyewahi kusema kwamba karanga ile ni ya mbegu nyingine, au akatafuta shamba la karanga za punje moja. Kahawa ni hivyo hivyo. Matunda ya punje mbili na ya punje moja hukaa kwenye mti mmoja, na hata kwenye tawi moja.

Anayetaka kuthibitisha achukue konzi chache za kahawa iliyokobolewa, azimwage kwenye ungo na kuzichambua kwa mkono. Ataziona. Kwa kawaida PB huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya kahawa yote, na hupatikana katika Arabika na katika Robusta pia. Kiasi hicho hubadilika kulingana na aina ya mbuni, hali ya hewa wakati wa maua, na afya ya mti. Ukame wakati wa kuchanua, uchavushaji hafifu au udongo uliochoka huweza kukiongeza.

Hapa pana mambo mawili ya kushika. La kwanza: hakuna miche ya PB. Ukipanda punje ya duara utaota mbuni wa kawaida, utakaozaa matunda ya punje mbili kwa wingi na ya punje moja kwa uchache, kama mama yake. Yeyote atakayefika kijijini akitaka kuwauzia miche ya PB, anawauzia jina tupu. Miche bora ipo, lakini ubora wake ni wa namna nyingine: ni miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani kwa Arabika, au mnyauko fuzari kwa Robusta, ugonjwa ambao umekausha mibuni mingi katika mkoa wetu wa Kagera tangu miaka ya 1990. Miche ya namna hiyo imetokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo makao yake ni Lyamungo, Kilimanjaro, na ambayo ina kituo karibu nasi pale Maruku, Bukoba. Ofisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kabla ya kutoa fedha.

La pili ni hili, na huwashangaza wengi: shamba lenye PB nyingi kupita kiasi si shamba lenye bahati. Kila PB ni tunda lililopoteza punje moja. Matunda yale yale, jasho lile lile la kupalilia na kuchuma, lakini punje pungufu. Mkulima anayetamani shamba zima lizae PB anatamani, bila kujua, mavuno yapungue. Kwa hiyo PB si zao la kulenga. Ni sehemu ya mavuno ambayo tayari tunayo. Swali ni kama tunalipwa kwayo au la.

Si mali ya Kilimanjaro peke yake

Ng'ambo, hasa Marekani, PB ya Tanzania ina jina, na mara nyingi huuzwa ikiwa imeandikwa kwamba ni ya milimani. Wengi husikia Tanzania wakafikiri Kilimanjaro. Hiyo inatokana na historia. Arabika ina asili yake katika misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Ikavuka hadi Yemeni, ikasafirishwa hadi kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, na mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wakaipanda Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kutoka huko jina lilikua, na vyama vya wakulima wa mlimani vikaanza mapema: KNPA mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933.

Upande wetu wa Ziwa una historia yake, tena ya zamani zaidi. Kabla ya wakoloni kufika, Wahaya walikuwa na mibuni ya Robusta, wakichemsha matunda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri, kuyakausha na kuyatafuna. Kahawa hiyo ilikaribisha wageni na kufunga undugu wa damu. Ndiyo maana hadi leo mkoa wa Kagera unajulikana zaidi kwa Robusta.

Ngara yetu iko mahali pa kipekee kati ya historia hizi mbili. Tuna vilima na mabonde ya juu, sehemu kubwa ikiwa kati ya mita 1,200 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Tunapakana na Rwanda na Burundi, nchi ambazo Arabika yake inatafutwa na wanunuzi wa dunia nzima. Mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Kagera hapa hapa kwetu, karibu na maporomoko ya Rusumo. Mawingu, udongo na baridi ya usiku havisimami mpakani kuonyesha pasi. Kinachofaa kwa Arabika upande wa pili kinafaa na upande huu.

Kwa nini mwinuko una maana? Palipo na baridi, tunda huiva polepole. Arabika huhitaji miezi 7 hadi 9 kutoka ua hadi tunda jekundu, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo inavyochelewa. Punje inayochelewa huwa ngumu na nzito, ikikusanya utamu na ule uchachu mzuri ambao wanywaji wa kahawa huutafuta. Sifa hiyo hutoka kwenye ardhi, nayo ni ya punje zote: za duara na za bapa. PB iliyolimwa bondeni penye joto haigeuki kuwa kahawa ya mlimani kwa sababu ya umbo lake.

Je, PB ni tamu kuliko nyingine? Wapo wanaoisifu hivyo, na wapo wanaoonja wasione tofauti. Sababu iliyo wazi ya kuitenga ni ya jikoni: punje ya duara huviringika na kuiva kwenye kikaango kwa namna tofauti na punje bapa, hivyo zikikaangwa pamoja hutofautiana. Zikitengwa, kila moja hukaangwa kwa kiasi chake. Juu ya hapo kuna uchache wake, na kitu kichache kilicho safi hupata mnunuzi.

PB huzaliwa shambani, lakini hupewa jina kiwandani

Sasa tufike kwenye swali la tatu. Hakuna mtu anayeweza kuinunua PB mtini, kwa sababu haionekani kwa uhakika tunda likiwa zima. Haionekani pia katika gunia la maganda. Huonekana baada ya kahawa kukobolewa. Kiwandani punje hupitishwa kwenye machekecheke yenye matundu ya vipimo mbalimbali, na yale yenye matundu marefu membamba huzitenga punje za duara na zile bapa. Ndipo madaraja hupatikana: AA zilizo kubwa kabisa, kisha A, B, C, na mengine ya chini, na PB huwekwa peke yake. Kila daraja huwa na uzito wake, na mnadani huwa na bei yake.

Tupige hesabu kidogo. Chukua asilimia 5 hadi 10 niliyoitaja. Ili kupata gunia moja la kilo 60 la PB, zinahitajika kilo 600 hadi 1,200 za kahawa safi. Ikiwa kilo 1 ya kahawa safi inatokana na kilo 6 hivi za matunda mekundu, basi gunia hilo moja limebeba mavuno ya kilo 3,600 hadi 7,200 za matunda. Ni wangapi kati yetu wanachuma kiasi hicho peke yao? Mkulima mdogo mwenye mibuni yake kati ya migomba atapata PB ya kujaza debe, pengine mawili. Debe halina mnunuzi ng'ambo. Magunia ya chama kizima yanaye. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na sijui kama upo mfano wa methali hiyo ulio halisi kuliko gunia la PB.

Hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya bei ya PB isitufikie: kahawa ikiuzwa kidogo kidogo, kila mtu na mnunuzi wake wa njiani, utengaji wa madaraja hufanyika mbali, mikononi mwa mtu mwingine, na faida ya madaraja hubaki huko.

Sababu ya pili ni namna tunavyoandaa. Soko la PB ni hasa soko la Arabika iliyooshwa. Yaani iliyomenywa siku ile ile ilipochumwa, ikachachushwa, ikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Sehemu kubwa ya kahawa ya mkoa wetu huanikwa ikiwa na maganda yake. Arabika ya namna hii sokoni huitwa Arabika ngumu, na huwekwa kundi lingine. Nitatoa mfano mmoja. Nchini Japani, kahawa ya Arabika ya Tanzania huruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imetoka Mbinga au Mbeya. Lakini kanuni za wafanyabiashara wao zinaiondoa ile ya eneo la Bukoba. Tafsiri yangu ni kwamba mazoea yetu ya kuanika kahawa na maganda yamechangia kutuweka nje ya mlango huo. Jambo hilo lisituvunje moyo. Linatuonyesha kwamba jina zuri hufuata kazi ya mikono baada ya kuchuma, na kazi ya mikono inaweza kubadilishwa.

Sababu ya tatu ni butura, nami naomba tuizungumze bila kufichana. Butura ni kuuza kahawa ingali maua au matunda mabichi, kwa bei ya kuokoteza, ili kupata fedha ya haraka. Serikali imeikataza. Lakini hakuna anayeuza maua kwa kupenda. Mahitaji ya shule huja Januari, ugonjwa hauna msimu, na kahawa yetu huanza kuvunwa Mei. Katika miezi hiyo ya katikati ndipo mwenye fedha hupita nyumba kwa nyumba. Tunachopaswa kuelewa ni kwamba aliyeuza butura hakuuza kilo tu. Ameuza AA yake, A yake na PB yake pamoja, kabla hazijapata majina, kwa bei ya kitu kisichojulikana. Zaidi ya hapo, aliyenunua maua ana haraka ya kurudisha fedha yake. Huchuma mbichi na mbivu kwa pamoja, na kahawa mbichi ikichanganywa huharibu ladha ya gunia zima, pamoja na la jirani ambaye hakuuza butura.

Tufanye nini

Sikuja na ahadi ya mashine wala ya bei. Bei huamuliwa mnadani, hupanda na kushuka, na anayewaahidi bei ya PB ya msimu ujao anasema asichokijua. Nimekuja na mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuchume matunda mekundu tu, hata kama inabidi kurudi kwenye mti ule ule mara nne au tano. Matunda yatumbukizwe majini, yanayoelea yaondolewe. Tusianike chini kwenye udongo; kichanja cha miti na wavu, au turubai safi, hutosha. Kahawa ikauke vizuri kabla ya kupelekwa ghalani, kwa sababu unyevu huzaa ukungu, na ukungu hauchagui daraja.

Pili, tupeleke kahawa kwenye chama cha msingi, ipimwe kwa kilo kwenye mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, nasi tupewe stakabadhi. Debe na ndoo si vipimo vya kuuzia kahawa. Asiye na stakabadhi hana ushahidi wa kudai malipo ya pili.

Tatu, na hili ndilo ninaloomba litoke nasi leo: kila chama kinapopeleka kahawa kukobolewa, kiwanda hutoa taarifa ya madaraja, yenye kilo za AA, za A, za B, za PB na kadhalika. Karatasi hiyo ni mali ya wanachama. Katika mkutano mkuu ulizeni maswali manne. Kahawa yetu ilitoa kilo ngapi kwa kila daraja? Kila daraja liliuzwa kwa bei gani? Makato ni yapi, na ya nani? Kilichobaki kimegawanywaje? Viongozi wa chama msione maswali haya kama tuhuma. Kiongozi anayebandika taarifa hiyo ukutani kabla ya kuulizwa anajilinda yeye mwenyewe na anakilinda chama chake.

Nne, walio na Arabika katika maeneo ya juu ya kata wakae pamoja kupitia chama chao, wamwite ofisa ugani na ofisa ushirika wa wilaya, wajadili kama mavuno yao yanatosha kuendesha mashine moja ya pamoja ya kumenyea. Haihitaji kuanza na watu wote. Inahitaji watu wanaochuma siku moja na kumenya siku hiyo hiyo, na maji safi ya kutosha. Maji machafu ya kuoshea yasirudishwe mtoni. Yachimbiwe shimo, maana walio bonde la chini ni ndugu zetu.

Tano, kuhusu fedha za miezi migumu. Vikundi vya kuweka na kukopa tulivyonavyo vijijini ndivyo mlango wa kwanza wa kugonga kabla ya kugongewa na mnunuzi wa butura. Na anayelazimishwa kukabidhi shamba lake kwa deni la namna hiyo afike ofisi ya Mtendaji wa Kata mapema, mibuni ikiwa bado ina maua. Matunda yakishavunwa, msaada huwa mgumu.

Ndugu zangu, yapo mataifa yanayozungumza Kihispania ambako PB huitwa *caracolillo*, yaani kikonokono, kwa sababu ya umbo lake. Hapa kwetu wengi wetu tumeichoma, tumeitwanga na kuinywa bila kuipa jina lolote. Si vibaya. Lakini kitu kisicho na jina kwa mwenyewe ni rahisi kupewa bei na mtu mwingine. Kuanzia leo tunajua kwamba katika kila kilo 100 za kahawa safi zinazotoka Murukulazo, kilo 5 hadi 10 hivi ni PB. Tumeilima sisi. Msimu ukifika, tuiulizie kwa jina.

 Maswali ya kitaalamu kuhusu miche, magonjwa na uandaaji yapelekwe kwa ofisa ugani wa kata. Yanayohusu vyama na malipo yapelekwe kwa ofisa ushirika wa wilaya. Na yanayohusu butura na mizani yafikishwe ofisi ya Mtendaji wa Kata.